Kofia ya Mwalimu Isihaka

Kila asubuhi Ashura alifagia uwanja wa nyumba yao pale Chuno, akanywa uji, kisha akakimbilia shule kabla ya kengele. Jumatano ile aliwakuta wanafunzi wamejazana kwenye banda la kuku la shule. Mlango ulikuwa wazi, manyoya yametapakaa. Kicheche alikuwa amewamaliza kuku wote.

"Nani aliacha mlango wazi jana jioni?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

"Si Erasto huyo, mlisha kuku?" Thabiti alinong'ona. "Ashura, hukumwona?"

Ashura alifikiri kidogo. Naam, alimwona Erasto akitoka bandani na ndoo ya pumba, bila kugeuka nyuma.

"Nilimwona," akasema kwa sauti. "Hakufunga."

Erasto, mtoto wa karani wa bandarini, alikuwa amehamia shuleni hapo mwaka huohuo. Machozi yalimlengalenga. "Nilifunga, Mwalimu. Haki ya Mungu, nilifunga!"

Hakuna aliyemsadiki. Mwalimu Mkuu alisema atachapwa saa sita mbele ya shule nzima.

Mwalimu Veronika wa darasa la sita, darasa la akina Ashura, aliyasikia yote. Katika kipindi cha pili, Mwalimu Isihaka aliingia, akachukua chaki mezani, akatoka. Baadaye Mwalimu Veronika akauliza, "Kofia ya Mwalimu Isihaka leo ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeupe!" darasa likaitikia.

"Ashura?"

"Nyeupe, Mwalimu. Ina darizi za kahawia."

Mwalimu Isihaka akaitwa tena. Kichwa kilikuwa wazi. "Kofia yangu ya kila siku iko kwenye kamba nyumbani, imefuliwa," alisema akicheka.

Darasa zima liliangua kicheko, isipokuwa Ashura. "Mbona mimi naiona kabisa, Mwalimu?"

"Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza hilo," Mwalimu Veronika alijibu. "Akili haiweki kila kitu kama kilivyotokea. Hushika vipande. Ukitaka kukumbuka, huviunga upya, na palipopungua hujaza yale iliyoyazoea. Tena maneno ya anayeuliza nayo huingia humo. Mimi nilitaja kofia, ninyi mkamvika."

Ashura aliinamisha kichwa. Erasto alilisha kuku kila siku, na kila siku alibeba ndoo ile. Lakini jana jioni? Jana ilikuwa zamu yake Ashura kupiga deki darasani, na kutoka humo banda halionekani. Aliomba ruhusa, akaenda kwa Mwalimu Mkuu.

"Asubuhi ulisema ulimwona," Mwalimu Mkuu alisema, amekunja uso.

"Nilidhani nilimwona, Mwalimu. Yule niliyemkumbuka alikuwa Erasto wa siku nyingine."

Mwalimu Mkuu akawachukua Ashura, Erasto na Mwalimu Veronika hadi bandani. Alimwambia Erasto afunge mlango kama alivyofunga jana. Erasto akasukuma komeo hadi mwisho. Mwalimu Mkuu aliuvuta mlango kwa vidole viwili tu, komeo likachomoka kwenye tundu lake lililopanuka, mlango ukafunguka. Ndani ya mbao mlijaa mchwa.

"Nisamehe, Erasto," Ashura alisema.

"Ningechapwa bure," Erasto alijibu, akifuta macho kwa mkono wa shati. Kisha akatabasamu kidogo.

Mwalimu Veronika alimshika Ashura begani. "Hukukusudia kusema uongo, mwanangu, lakini fimbo ingemuuma vilevile. Ukiulizwa, jiulize kwanza: nimeona, nimezoea, au nimeambiwa? Kama hukuona, sema hujui. Hilo nalo ni jibu la kweli."