Dawa Zilizoishia Mzingani

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiherehere, kama walivyomwita nyumbani, aliwawekea nyuki wa shangazi yake maji ya sukari. Siku hiyo alichechemea zaidi kuliko jana yake. Alikuwa amekanyaga msumari, na wiki ya pili ilikuwa ikiisha bila kidonda kufunga.

Chini ya mzinga wa nne, nyuki waliokufa walitapakaa. Shangazi aliwazoa kiganjani, uso umemsawijika.

"Ugonjwa huu siujui," alisema. "Mzinga huu nauchoma kabla haujaambukiza mingine. Niletee mafuta ya taa."

Kiherehere alirudi na chupa, lakini hakuitoa.

"Shangazi, usiwachome. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Dawa zangu za kidonda ni chungu. Nilikwambia nimezimaliza, kumbe nilizifungua nikatia unga wake kwenye maji ya nyuki wa mzinga huu. Walikuwa wanyonge tangu mvua zile. Nilidhani zitawaua vijidudu wao."

Shangazi alikaa juu ya ndoo. "Basi zimewaua kweli, hata wale wazuri. Tumboni mwa nyuki mna bakteria wanaomsaidia kusaga chakula na kupambana na maradhi. Huwapata kwa wakubwa wake humo mzingani, na chakula anachokula huwaongeza au kuwapunguza. Wewe umefyeka shamba zima, magugu na mahindi."

"Watapona?"

"Sijui, mwanangu."

Jibu hilo lilimuumiza kuliko kofi. Shangazi aliweka mafuta kando, akavaa vazi lake la kazi. Alitoa sega kwenye mzinga wenye afya, likiwa na majana, watoto wa nyuki, pamoja na nyuki wanaoyalea, akalipachika katika ule mgonjwa ili wawaambukize wenzao bakteria wazuri. Kisha akampeleka Kiherehere zahanati, akamwacha aeleze mwenyewe. Aliandikiwa dawa upya, na kila kidonge alikimeza shangazi akitazama.

Baada ya wiki tatu, kidonda kilikuwa kimefunga. Mzinga wa nne ulivuma, ingawa nusu ya nyuki wake hawakuwepo tena.

"Umewaokoa waliobaki," shangazi alisema. "Ungeninyima ukweli, ningewachoma wote nikidhani nafanya la maana. Dawa humezwa na aliyeandikiwa, na hadi iishe. Na ukikosea, sema mapema. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Kiherehere alijaza maji ya sukari, yasiyo na dawa safari hii, akabaki amechutama akiwahesabu waliokuja kunywa.