Mlango Ndani ya Maktaba Nyepesi

"Mshike mumeo, Nasteha. Ova."

Barre, mkuu wa operesheni za polisi, akakata redio. Nasteha akakanyaga mafuta. Mbele yake gari la mumewe Ahmednoor, Probox, lilikuwa likipenya soko la mifugo la Garissa.

Mshike mumeo! Ya Rabi, amri gani hii?

Vifaa vya kutambua magari mpakani, karibu na Kutulo, ni vidogo kama kiberiti. Maktaba kamili ya lugha ya programu, ile hazina ya msimbo inayokuja na kila kitu, haienei humo. Wahandisi wakaweka maktaba nyepesi, mbadala wa kufanya kazi za msingi tu. Ndani yake mtu alificha mlango: lori lenye kirusha ishara fulani halionekani. Na leo lori la bunduki lilikuwa njiani.

Mwandishi wa mlango huo hakujulikana. Lakini siri ya mtungi aijuaye ni kata. Katikati ya msimbo Nasteha aliona duara na mistari miwili ya mshazari, chapa ya ngamia wa kina Ahmednoor. Ngamia wa mahari yake walikuja nayo shavuni. Mfugaji haachi mali yake bila chapa, hata ikiwa haramu. Mjinga we! Asubuhi hiyo alilipeleka jina la mumewe kwa Barre.

Kundi la ngamia likaziba njia. Probox ikakwama.

Nasteha akashuka na bastola yake ya Glock mkononi.

"Toka!"

Ahmednoor akatoka, kompyuta kifuani.

"Walisema ni sukari, wallahi. Sukari ya magendo tu."

"Ni bunduki. Zinakwenda Kutulo."

"Kutulo?" Akaikumbatia kompyuta. "Hooyo yuko Kutulo."

"Mama yako, ndiyo. Funga huo mlango! Nywila unayo wewe."

Akaiweka kompyuta juu ya boneti. Akafuta mistari, akatuma maktaba safi kwa vifaa vyote. Wakasubiri, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakisubiri chai nyumbani. Roho ilimuuma Nasteha vibaya sana.

Redio ikakoroma.

"Lori limeonekana. Vijana wamelizingira. Kazi nzuri. Ova."

Nasteha akatoa pingu.

"Mke wangu," Ahmednoor akanong'ona, "kweli usingeniacha nipite?"

"Ingekuwa sukari, ningekuacha."

Alisema kweli, na ukweli huo ulimtia aibu yeye, askari. Akamfunga pingu, akamkabidhi kwa askari waliofika. Kisha akavaa miwani yake ya Ray-Ban, akapita katikati ya ngamia mgongo wima, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.