Jukwaa la Bendi

Asubuhi moja ya Novemba 1942, bandarini Genova, nyapara Dellepiane alikutwa amekufa ndani ya meli Costanza, kisogo kimepasuka. Kabla ya vita Costanza ilivusha matajiri kwenda Amerika. Sasa ilikuwa inageuzwa manowari ya kubebea ndege. Kuta za mbao na vioo vilikwisha kung'olewa, likabaki pango la chuma lenye namba za chaki. Mwili ulilala kwenye namba tisini na mbili. Pembeni yake Inspekta Ghiglione aliona matundu ya skrubu yaliyopangika nusu duara.

Kapteni wa wanamaji alikuwa amekwisha kumkamata Nilo, mkata chuma kwa moto wa gesi. "Mhujumu huyu. Kesho anapigwa risasi."

"Niachie leo," alisema Ghiglione. Mafundi aliwaambia tu kwamba nyapara amefia melini.

"Nilimtukana, ndiyo," alisema Nilo. "Matusi yangekuwa yanaua, bwana inspekta, meli hii isingebaki na mtu."

Akafuata kuhojiwa mzee Baciccia, mchonga nakshi. Mbao za Costanza alizipamba yeye. Sasa alilipwa kuzibomoa.

"Jana jioni nilikuwa nchi kavu, karakanani. Dellepiane alikuwa na mdomo mchafu, lakini kufa vile, peke yake, pale kwenye jukwaa la bendi… hapana."

Ghiglione akaweka chini kikombe cha kahawa ya shayiri.

"Jukwaa lilikuwa nusu duara, mzee?"

"Ndiyo."

"Basi ni pale pale. Lakini mahali alipoangukia sijamwambia fundi yeyote."

Mzee akashika kifua cha shati lake.

"Nilo anapigwa risasi kesho," alisema Ghiglione.

"Nilo? Yule mropokaji? Ana watoto yule!" Akashusha pumzi. "Andika, bwana. Kwenye ubao wa nyuma ya jukwaa la bendi nilichonga uso wa binti yangu, Ines. Mwezi uliopita bomu lilimfukia, picha zake zote zikaungua. Jana jioni nikamwomba Dellepiane ubao ule mmoja. Akacheka. 'Huu ni kuni ya kuchemshia lami, kama mbao nyingine.' Akaupasua kwa shoka. Nikamsukuma, kisogo kikagonga chuma."

Akatoa ndani ya shati kipande cha mbao: jicho moja na shavu.

Kilikuwa ushahidi. Ghiglione akanyoosha mkono. Mzee akalipangusa shavu kwa kidole gumba, akampa.

Mchana Nilo aliachiwa, akarudishwa kazini. Walimpeleka namba tisini na mbili, akate tundu la lifti ya kupandishia ndege. Moto wake ulipita juu ya matundu ya skrubu, moja baada ya jingine, hadi nusu duara ikaisha.