Mkono wa Tatu kwenye Santuri

Luvenia Pettway alitoka kununua dawa ya homa jua likizama nyuma ya misonobari ya Darien. Duka la dawa halikuwa mbali. Angekwenda na kurudi upesi kama asingepita mbele ya saluni ya Earline.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya nywele zinazonyooshwa kwa kitana cha moto ilijaa mpaka barabarani, na ndani santuri ilikuwa ikizunguka. Santuri yake mwenyewe. Miaka nenda miaka rudi aliimba bluzi kwenye mabanda ya pombe ya Georgia, piano mbovu, walevi wakimtupia maneno. Sasa watu wa studio kule Macon walikuwa wamemrekodi santuri nzima, picha yake ikiwa kwenye jalada, na mji haukuwa na habari nyingine.

"Wee Luvenia! Hebu pita hapa!" Earline alimwita, kitana mkononi. "Tunakusengenya."

"Mtoto anaumwa, shoga. Nina haraka."

"Dakika moja tu. Hawa wananibishia. Wao wanasema wimbo wa kwanza ndio mtamu, mimi nasema ule wa mwisho. Sauti yako inaniingia mpaka kwenye mifupa, haki ya Mungu. Lakini hiyo piano! Nani alikaa na wewe?"

"Nilipiga mwenyewe."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama mmoja mwenye taulo mabegani akatikisa kichwa. "Mwanangu, mimi nimepiga kinanda cha kanisa tangu wewe hujazaliwa. Wewe una mikono miwili. Hapo ipo mitatu. Sikiliza chini huko, kushoto."

Luvenia akasikiliza.

Chini ya mkono wake wa kushoto kulikuwa na mwingine. Mzito. Ukichelewa kidogo kila mara, kama mtu anayeburuta mguu. Studio alikaa peke yake kwenye ile piano, na juzi tu aliposikiliza santuri hii nyumbani kwake, mkono huo haukuwamo.

"Mtamu huo," mama wa kanisani akasema, macho kafumba. "Mtamu kuliko vyote."

Harufu ya nywele ikapotea. Ikaja nyingine... ya utomvu wa msonobari. Ya tapentaini.

Ozell.

Ozell alikuwa mumewe. Mchana aligema utomvu msituni, usiku alipiga piano, wala hakuwa mpigaji mbaya, ila hakuna aliyewahi kumwambia. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema huyu hakusifiwa hata siku moja, hata na mkewe, aliyekuwa na ulimi mkali na akidhani mwanaume huyo atakuwapo siku zote. Watu wa studio walipokuja walimsikiliza kidogo tu, wakasema wanamtaka mke peke yake. Wiki ileile gari la Ozell likaingia mtoni, naye ndani. Mpaka leo hakuna ajuaye kama liliteleza.

Luvenia alinunua dawa bila kuhesabu chenji, akarudi mbio.

Shangazi Keziah, aliyemlea Ozell tangu utotoni, alikuwa ameinama juu ya kitanda cha mtoto akimkanda kwa kitambaa cha maji. Verlie, bintiye, alikuwa hajatimiza hata miaka mitatu. Macho yake yalikuwa wazi na midomo imekauka.

"Homa imepanda sasa hivi," shangazi akanong'ona. "Alikuwa anacheka vizuri tu, ikapanda ghafla. Kuna mtu kamsifu?"

"Kamsifu nani?"

"Usinifanye mtoto, Luvenia. Nimeisikia harufu yake humu ndani."

Luvenia akakaa chini.

Siku ya mazishi shangazi alimsihi mpaka akapiga magoti. Pale kwao, baba akifa, mtoto wake mdogo hupitishwa juu ya jeneza, mikono kwa mikono, kabla halijashushwa. Ni hivyo tangu wazee wa wazee, ili marehemu asimtamani mwanawe akarudi kumchukua. Lakini mabwana wa studio walikuwa wamekuja na maua yao, wamesimama pale na viatu vinavyong'aa, na Luvenia aliona haya kuonekana mshamba. Alimkumbatia mtoto, akakataa.

"Nilikuambia nini siku ile?" shangazi akasema. Hakuwa anagomba. Alikuwa analia. "Maiti haji bila kuitwa, na kumsifu ni kumwita. Ozell alikufa na kiu hiyo. Sasa mji mzima unamnywesha, na kila akinywa anapata nguvu ya kusogea. Anamfuata mwanawe."

"Nifanye nini, shangazi? Niambie, nitafanya."

"Wanyamaze. Au waseme ni mbaya."

Watu husema msanii hashibi sifa. Jioni ile Darien iliona msanii akipita barabarani bila kofia, akiomba atukanwe.

Kwa kinyozi Rufus walikuwamo wanaume wanne na redio. Kituo cha redio kilikuwa kikipiga santuri yake kila magharibi, kisha mtangazaji, Lonzo, huwakaribisha wasikilizaji wapige simu watoe maoni. Luvenia aliingia akihema.

"Jamani, semeni ni mbaya."

"Nini mbaya?"

"Santuri yangu. Semeni haifai. Nawaomba."

"Dada Luvenia, mimi ni mwanakwaya," Rufus akajibu, wembe hewani. "Siwezi kusema uongo na Jumapili iko karibu. Ule mkono wa kushoto..."

"Usiseme!"

Wakatazamana. Mzee Toomer, aliyekuwa kwenye kiti na povu kidevuni, alimtazama usoni kwa muda. Labda aliona kitu. "Haya basi," akasema. "Mbaya. Piano yenyewe kama mbuzi kapanda juu ya bati. Umeridhika?"

Na kwenye redio, mkono wa tatu ukakosea. Ukajikwaa, ukatafuta, ukanyamaza.

Luvenia alitaka kumbusu yule mzee, povu na yote. Inawezekana! Kama neno la mtu mmoja limemsimamisha, je, la redio nzima? Simu ya Rufus ilikuwa ukutani. Hakuomba ruhusa.

"Lonzo, huyu ni Luvenia Pettway."

"Mama yangu! Wasikilizaji, ni yeye mwenyewe!"

"Itoe hiyo santuri, Lonzo. Haifai. Uimbaji hovyo, piano hovyo, na huo mkono wa kushoto ni takataka. Waambie watu wasiinunue."

Redio ikakwaruza.

Kisha Lonzo akacheka, kicheko cha upole. "Mnausikia huo unyenyekevu? Mungu kampa kipaji kama hiki na bado hajioni. Hebu mwambieni, ndugu zangu. Mwambieni."

"Hapana," Luvenia akanong'ona. "Hapana, hapana..."

Wakamwambia.

"Dada, mimi niko Brunswick. Huo mkono wa kushoto umenitoa machozi."

"Nimefiwa na mume mwezi huu. Huo mkono ndio unaonipa usingizi."

"Nani huyo anayepiga chini? Mwambie ni mzuri! Mwambie tunampenda!"

Luvenia aliuachia mkonga wa simu ukaning'inia ukutani. Nyuma yake sauti ziliendelea kumsifu kwenye redio, na katika kila nyumba aliyopita dirisha lilikuwa wazi na redio imewashwa, na kila redio ilikuwa na neno zuri la kusema. Harufu ya tapentaini ilikuwa mbele yake njia nzima. Mbele, si nyuma. Ilikuwa inakwenda kulekule anakokwenda.

Alipofika kwenye ngazi za baraza akaisikia piano.

Piano ya nyumbani kwake. Sauti za chini tu.

Shangazi Keziah alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kinywani. "Mtoto kainuka mwenyewe," akanong'ona. "Nilimshika, sikumuweza. Ni mzito, Luvenia. Mzito kama mtu mzima."

Verlie alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa kulia, na gauni lake la kulalia, miguu ikining'inia. Mikono yake ilikuwa mapajani.

Upande wa kushoto hapakuwa na mtu.

Vibao vya piano vilikuwa vikizama na kuinuka. Kizito. Chepesi. Kizito. Vikichelewa kidogo.

"Verlie. Njoo kwa mama."

Mtoto hakugeuka. Luvenia akamgusa shingoni. Homa haikuwapo tena. Alikuwa wa baridi.

Na hapo ndipo shida kubwa ya Luvenia ilipoanza, kwa sababu alikuwa mpigaji na masikio yake hayakujua kudanganya. Ozell alikuwa akipiga kuliko alivyowahi kupiga akiwa hai. Upweke wake wote ulikuwamo mle, na mto, na lile gari. Neno lilimjaa kooni. Alilitaka litoke. Alimpenda mwanaume huyu, na hakuwahi kumpa neno hilo. Akauma ulimi mpaka akaonja damu.

"Mbaya," akasema.

Vibao vikapunguza mwendo.

"Mbaya, Ozell. Ulikuwa mbaya, na mpaka leo ni mbaya. Hakuna anayekutaka hapa. Nenda zako."

Vikasimama.

Nje hata vyura walikuwa wamenyamaza. Harufu ikaanza kupungua, pole pole. Kisha kwenye upande mtupu wa benchi ikasikika pumzi, na pumzi nyingine, iliyokatika katikati. Mtu mzima alikuwa akilia na kujizuia asisikike. Luvenia alilia naye. Lakini mikono yake tayari ilikuwa imenyooka kumnyanyua mwanawe, na safari hii mtoto alikuwa mwepesi, mwepesi kama alivyokuwa siku zote.

Verlie akageuza uso kutazama kushoto kwake. Akainua kiganja kidogo, akapangusa kitu hewani, juu kidogo, pale ambapo lingekuwa shavu la mtu aliyeketi.

"Usilie, baba," akasema. "Nzuri. Piga tena."

Kesho yake Mzee Toomer na wenzake waliitoa piano nje, wakaichoma. Verlie hajaugua tena tangu siku ile, hata mafua. Anakula, anakua, anacheka, na majirani humwambia Luvenia amshukuru Mungu. Santuri bado inauzwa. Barua za kusifu zinakuja mpaka leo, na Luvenia huzichoma bila kuzifungua, ingawa anajua hazina kazi tena, kwa sababu aliyekuwa akitafuta mlango alikwisha funguliwa na mwanawe, mwenye haki ya kumfungulia.

Ila jua likizama mtoto huketi mezani, mwisho kabisa wa benchi, upande wa kulia, na vidole vyake huanza kugonga mbao taratibu. Luvenia huweka wali na samaki, akamwita. Humwita mara ya pili kwa sauti ya chini, kwa sababu hataki mwingine asikie.

"Ngoja, mama," Verlie husema, bila kugeuka. "Bado hatujamaliza."