Tone la Ziada

Mashine ilidondosha tone moja la maji ya majaribio, na hakuna aliyeigusa.

Mama Ushahidi, mkaguzi wa mashine maabarani, kama wenzake walivyomwita kwa ubishi wake wa kutaka kila kitu kithibitishwe, alikodoa macho. Mashine hiyo ilikuwa ya kusukuma dawa mishipani, na kesho yake ingepelekwa wodini alikolazwa mama yake mzazi. Tone la ziada la dawa kali aliyoandikiwa lingetosha kumsimamisha moyo.

"Programu yangu haina kosa, nimeithibitisha," alisema mwandishi wa programu.

"Hata chipu yangu," akadakia mchora chipu, kile kijibamba kinachoiendesha mashine.

"Kila mmoja na chake. Nani amevithibitisha vikiwa pamoja?" akauliza Mama Ushahidi.

Ikaja harufu ya udongo mbichi, kisha kispika cha kengele kikanong'ona: "Niacheni. Naishi hapa katikati ya hivyo viwili."

Mwandishi wa programu alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki. Mchora chipu akamfuata, akisoma dua aliyoisahau nusu. Mama Ushahidi alibaki, hasira zikimzidi nguvu.

"Una hati ya nyumba, wewe?" akauliza.

Akaunganisha chipu na programu katika hesabu moja, akaiamuru kompyuta ipite kila njia ambayo mashine ingeweza kuipita, na kadiri ilivyopita ndivyo harufu ilivyozidi, taa zikafifia mchana kweupe, vidole vya baridi vikamshika shingo, na kispika kikalia kwa sauti ya mama yake, kikimsihi, acha mwanangu, acha, naye akazidi kuandika huku machozi yakimtiririka, mpaka ufa ukaonekana: chipu ilisema "tayari" kabla programu haijafuta amri ya zamani, nayo ikatekelezwa mara ya pili. Akauziba. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna tena njia ya tone la ziada.

Harufu ikakatika. Akacheka peke yake.

Ndipo kitufe cha dawa kikabonyea chenyewe, taratibu, mbele ya macho yake. Tone likaanguka.

Akarudi kwenye sharti la kwanza kabisa la hesabu yake, aliloliandika mwenyewe bila kufikiri: kitufe hubonyezwa na muuguzi tu.

"Kumbe umehamia hapa."

Akalifuta. Akaandika kwamba kitufe kinaweza kubonyezwa na chochote, wakati wowote, na bado dawa isizidi kipimo. Kiti akakivuta karibu zaidi.

"Mama atapewa dawa kwa mkono wa muuguzi. Mashine haitoki humu," alisema. "Tunaanza upya, mwanaharamu wewe, na safari hii nawe umo kwenye hesabu."