Kalenda ya Chooni kwa Femke

— Femke, Mateus ni nani?

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa choo, mkono bado umeshika kitasa. Femke alikuwa jikoni akinimiminia kahawa. Ikafurika mpaka kwenye kisahani, wala hakuona.

— Mateus yupi?

— Wa kwenye kalenda yako. Tarehe sita Aprili. Mateus Falcato, 2022.

Watu wa Utrecht hutundika chooni kalenda ya siku za kuzaliwa, asije akasahauliwa ndugu wala jirani. Inakaa hapo miaka nenda rudi mpaka mwenyewe haioni tena. Femke alikuwa ameficha viatu vidogo, picha na midoli kabla sijafika, kalenda ikampita. Asubuhi hiyo ilikuwa Aprili mosi, nami kwa wema wangu nikamfunulia ukurasa mpya.

Falcato ni ukoo wa Duarte, mchumba wangu. Harusi yetu ilikuwa Septemba, kwetu Coimbra, na kazi nilishaandika barua ya kuacha. Duarte alikuwa na miaka mitano Utrecht. Alisema kwake wamebanana mafundi sita, na wiki hiyo kazi yao iko nje ya mji, basi nifikie kwa Femke, rafiki yangu tangu chuoni, niuzoee mji nitakaohamia. Siku nne Femke alinizungusha kwa baiskeli kando ya mifereji, akanionyesha hadi shule watakayosoma wanangu. Nami nacheka tu, mjinga wa watu.

— Leonor, kaa kwanza.

— Sikai. Ni wa Duarte?

Akaanza kulia.

— Kila mwaka ananiambia atakueleza mwenyewe. Kila mwaka.

— Mimi ndiye niliyempa namba yako, Femke! Nikakuomba umpokee, asife kwa upweke!

— Najua. Usinikumbushe.

— Umenipokea stesheni, ukanikumbatia. Uliwezaje?

— Nilitaka kukwambia pale pale. Nikakuona umefurahi, nikashindwa.

Simu yangu ikalia. Ujumbe wa Duarte: "Mpenzi, mji umeuonaje? Jumamosi nakuja tukatafute nyumba yetu."

Nikampigia hapo hapo, nikaweka sauti ya nje.

— Malkia wangu!

— Duarte, Mateus anapenda kula nini?

Akashusha sauti.

— Nani kakwambia?

Hakuuliza kama naumia. Aliuliza nani kaniambia. Miaka tisa ya mapenzi ikaniishia palepale, nikiwa nimesimama.

— Leonor, nisikilize. Yule ni mama wa mtoto tu, hakuna zaidi. Wewe ndiye...

— Femke yuko hapa, anakusikia.

Nikakata. Femke alikuwa ameketi sakafuni, mikono mapajani, analia bila sauti. Nilimchukia, na nikamhurumia, vyote kwa pamoja.

— Mtoto yuko wapi?

— Kwa mama yangu, Amersfoort. Kila nikipiga analia, anataka chumba chake.

— Chumba chake kipi?

Akatazama mlango wa chumba nilicholala siku zote nne.

Nikaingia kufungasha. Zipu ya begi ikanishinda, Femke akaja kuifunga. Sikumzuia.

— Utakwenda wapi? Huna mtu mji huu.

— Hoteli hazijaisha.

— Leonor, nisamehe.

— Sijui kama nitaweza. Ila mpigie mama yako amlete mtoto leo. Mwambie mgeni ameondoka.