Mkono Uliokuwa Juu

Jua lilikuwa linazama niliporudi makaburini peke yangu, kupiga picha moja tu.

Mchana tulikuwa kundi zima, walimu wa historia kutoka nchi mbalimbali, tumealikwa ughaibuni kutembelea kumbukumbu za vita. Mwongozaji alituzungusha kwenye mawe meupe, kila ofisa na jiwe lake: jina, cheo, hata ubeti wa shairi. Nikamuuliza, wapagazi wako wapi? Wale babu zetu waliosombwa majumbani kwao, wakabebeshwa mizinga ya watu katika ugomvi ambao hawakuhusika nao ndewe wala sikio?

Akanyoosha kidole nyuma ya ukuta. "Kule. Ila hakuna cha kuona, mwalimu. Ni nyasi."

Nyasi!

Damu ilinichemka. Chuoni nilikuwa moto wa midahalo. Wenzangu waliniita Pilipili, na hawakunionea. Kesho yake nilipangiwa kuzungumza kwenye kikao cha kufunga ziara. Nilitaka picha ya hizo nyasi ionyeshwe ukutani, waitazame watake wasitake. Wa kunisindikiza sikuwa naye. Kutoka kwetu nilikuja mimi tu, na siku zote hizo lugha yangu niliisikia kwa mama, kwenye simu ya jioni. Basi.

Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja mtupu. Baridi. Hata ndege hakulia...

Kisha ikaja harufu. Kamba iliyoloa. Jasho la watu wengi.

Na pumzi. Mtu anahema, kama anayepanda mlima.

Alikuwa amesimama katikati ya nyasi, mzee mwembamba, kifua wazi katika baridi ile. Mkono wake mmoja ulikuwa juu.

"Shikamoo, mzee." Ulimi ulinitangulia, nilimwamkia kwa lugha ya kwetu.

Mkono ulibaki juu.

Sasa, mimi ni mwalimu. Mkono ukiwa juu mbele yangu siwezi kuupita. Na kwenye midahalo yetu tulikuwa na desturi: ukimwona mwenzako kanyimwa nafasi, unasimama na kumwachia dakika zako. Nikatia simu mfukoni, nikatoa ile sauti yangu ya jukwaani.

"Sema, mzee. Wamekunyamazisha vya kutosha. Dakika zangu ni zako."

"Zote?" akanong'ona. Kwa lugha yangu.

"Zote."

Akacheka. Kicheko kikavu, kama majani yanayokanyagwa.

"Mjukuu wangu... mimi sikuomba kusema."

Ndipo nikaiona shingo yake. Ilikuwa imedidimia mabegani, mishipa imetuna. Ule mkono ulikuwa umeshikilia kitu kichwani.

Kichwani hapakuwa na kitu.

"Nilitaka unitue mzigo tu," akasema. "Lakini ulichonipa kinazidi. Sikikatai."

Akashusha mkono. Mbele yake nyasi zikabonyea kama zimeangukiwa na mzigo, na ardhi ikatikisika chini ya miguu yangu. Kisha kote uwanjani, gizani, mikono mingine ikaanza kushuka.

Puu.

Puu.

Puu...

Nilikimbia. Nilitaka kupiga yowe, koo likakataa. Lilikuwa limejaa kitu kama vumbi.

Hotelini nikajifungia chumbani. Mama akapiga, kama kila jioni.

"Haloo, mwanangu. Umekula lakini? Usije ukaniletea mifupa huku."

Nikafungua kinywa nimjibu.

"Sijala tangu tulipovuka mto."

Sauti nzito, ya kiume. Ilitoka kinywani mwangu. Niliihisi ikinikwaruza ulimi.

Mama akawaka. "We mzee! Simu ya binti yangu umeitoa wapi? Mpe mwanangu simu!"

Nilitikisa kichwa. Nilipiga meza kwa ngumi. *Mama, ni mimi. Mama!* Hakikutoka hata kishindo cha pumzi.

"Yupo," sauti ikamjibu kwa upole. "Hajaumia. Ametupisha tuseme."

"Nyinyi akina nani?"

Akajitaja. Jina lake, la baba yake, la mama yake aliyebaki akimtwangia nafaka siku aliyochukuliwa. Akaeleza alipoanguka, na jinsi wenzake walivyoupokea mzigo kabla ya kuupokea mwili. Machozi yalinitoka, nami sikujua kama ni yangu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Nilimsikia akivuta kamasi.

"Nimekusikia, baba yangu," akasema. "Na jina lako nimelishika. Sasa nakuomba... nirudishie mwanangu."

Koo langu likalegea. Vumbi likashuka. Nikavuta pumzi nimwite.

Kabla sijatamka, ndani kabisa ya kifua changu, mtu mwingine akakohoa taratibu, kama anayesafisha sauti.